Kuta Zifike Paa: Mazungumzo Kuhusu Kompyuta za Ndege za Kivita

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi iliyopita hapa Dar es Salaam, mbele ya mafundi wa ndege na wanafunzi. Wengi mlikwama kwenye mvua na foleni mkaomba niyaweke yote. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, walimu, mafundi wenzangu, na nyinyi wanangu mliojibanza nyuma karibu na feni, hamjambo?

Hamjambo tena? Haya, sasa nasikia sauti za watu waliokunywa chai.

Nimekuja na mzigo. Boksi hili la chuma mnaloliona mezani nimepanda nalo bajaji kutoka Tabata, na dereva ameniuliza mara mbili kama ni betri ya sola. Si betri. Ni kompyuta ya ndege iliyostaafu kabla yangu. Kazi yake ilikuwa moja tu: kupokea shinikizo la hewa kutoka nje ya ndege, kisha kumwambia rubani yuko juu kiasi gani na anakwenda kasi gani. Basi. Kwa kazi hiyo moja lilipewa umeme wake, prosesa yake (ubongo wa kufanya hesabu), kumbukumbu yake na nyumba yake ya chuma. Jirani yake kwenye rafu alikuwa boksi jingine la kazi nyingine, nalo lina umeme wake, prosesa yake, nyumba yake. Na jirani wa jirani hivyo hivyo, mpaka mwisho wa rafu.

Nimeombwa nizungumzie namna elektroniki za ndege za kijeshi zinavyofanywa za kisasa. Kabla sijaanza, niseme wazi: habari za ndege za jeshi letu sitazigusa. Hizo zina wenyewe, na wenyewe mnawajua. Nitasema ya ulimwengu, yale yaliyokwisha kuwekwa mezani.

Nianze na pini.

Nilipokuwa kijana, kwenye hanga moja nisilolitaja, tuliletewa ndege ya mizigo. Rubani kaandika kitabuni: kipimo cha mwinuko kinarukaruka. Tukabadilisha boksi. Ndege ikaruka, ikarudi na ugonjwa uleule. Tukabadilisha tena. Boksi tulilolitoa likapelekwa ng'ambo, likakaa wiki sita, likarudi na karatasi: limepimwa, halina hitilafu. Na bili juu yake. Hatimaye fundi mmoja mzee, sasa ni marehemu, akasema, "Nipeni tochi." Akalala chali chini ya sakafu ya chumba cha marubani, akapapasa fungu la waya nene kama paja langu, akafuata, akafuata, mpaka kwenye plagi moja. Pini moja ilikuwa imeota kutu ya kijani. Chumvi ya bahari, ndugu zangu. Hewa hii hii inayokula mabati yenu ya Kigamboni.

Nani hapa hajawahi kubadilisha boksi zima kumbe ni pini? Nyoosheni mikono tuwaone. Haya, waongo wawili.

Ndivyo ulivyokuwa ulimwengu wa maboksi: kila kazi na boksi lake, kila boksi na waya zake, na fundi katikati na tochi. Wamarekani walichoka na waya mapema kuliko sisi. Mwaka 1973 wakatoa kiwango kinachoitwa MIL-STD-1553, toleo lake la B likafuata 1978, na mpaka leo kimo ndani ya ndege nyingi za kivita. F-16 ilikuwa miongoni mwa za kwanza kukitumia. Badala ya kila boksi kuvuta waya hadi kwa kila mwenzake, yote yananing'inia kwenye njia moja ya data, na njia ya pili inakaa pembeni kama akiba. Kompyuta moja ndiyo msimamizi. Inaita, na wengine, mpaka 31, wanajibu. Hakuna anayefungua mdomo bila kuitwa. Mnamkumbuka yule mwalimu wenu wa darasa la nne? Ndiye huyo.

Kasi ya njia hiyo ni biti milioni moja kwa sekunde. Simu ya kijana yule anayenirekodi inacheka ikisikia. Lakini mwalimu huyu ana sifa ambayo simu haina: unajua kwa hakika neno litafika lini. Angani hiyo ina thamani kuliko mbio.

Waya zikapungua. Maboksi hayakupungua.

Sasa twende nyumbani. Mimi nimekulia Ilala, kwenye nyumba ya Kiswahili. Vyumba sita, vitatu kulia, vitatu kushoto, korido katikati, uani jiko, choo na bomba. Wapangaji sita, paa moja, bomba moja, na miaka ya baadaye mita moja ya LUKU. Ukiielewa nyumba ile, umeshaelewa nusu ya hotuba yangu.

Kwa sababu wazo lenyewe ndilo hilo. Badala ya kila kazi kujengewa nyumba yake na kuchimbiwa kisima chake, unajenga kabati moja lenye moduli chache za kompyuta, yaani vipande vya kuchomeka na kuchomoa, vingi vikifanana, vinavyotumia umeme mmoja na mtandao mmoja. Kazi zinahamia humo kama wapangaji. Hesabu za mwinuko, ambazo zamani zilikuwa boksi hili la kilo na kilo, sasa ni programu. Ramani ni programu. Mahesabu ya rada ni programu. Moduli ikifa, fundi anaichomoa kama kitabu kwenye rafu na kuchomeka nyingine, na stoo inaweka aina chache za spea badala ya makumi. Elektroniki za ndege huitwa avioniki, na mfumo huu wataalamu wanauita avioniki ya moduli zilizounganishwa, na kwa kifupi IMA.

Jeshi la Anga la Marekani lilianza kulichora wazo hili miaka ya 1980 katika mpango wa Pave Pillar, na ndege yao ya kivita, F-22, ikazaliwa nalo. Wafaransa wakaweka kabati la moduli ndani ya ndege yao ya kivita, Rafale. Uingereza, Ufaransa na Ujerumani zikakaa pamoja kuandika viwango vya ASAAC, vya makabati kama haya kwenye ndege za kijeshi. Upande wa abiria, Boeing 777 iliingia kazini 1995 ikiwa na makabati yake mawili. Na msidhani haya ni ya ng'ambo tu. Ile Boeing 787 ya Air Tanzania iliyotua hapa Julai 2018, ile mliyoshangilia, ukifungua ubongo wake utakuta nyumba ya Kiswahili.

Muuzaji akija kwenu atawaambia habari ya uzito: kilo kadhaa zimepungua, waya kilomita kadhaa zimetoka. Ni kweli, msimbishie. Lakini mimi uzito haunikoseshi usingizi. Linalonikosesha usingizi ni swali ambalo kila aliyewahi kupanga chumba Dar es Salaam analijua: wapangaji wataishije?

Nyumbani kwetu alikuwepo fundi cherehani, chumba cha pili kushoto. Mtu mwema, msalihina, ila alikuwa na pasi ya umeme ambayo haikupoa. Siku moja, mechi ya Simba na Yanga, dakika ya themanini na kitu, uniti zikaisha. Nyumba nzima giza. Mama wa chumba cha tatu alikuwa na friji la barafu za kuuza, zote zikawa maji. Ugomvi ule ulifika kwa mjumbe. Na kosa la kuwakosesha watu barafu, redio na mechi lilikuwa la nani? Suruali ya mteja mmoja wa mtu mmoja.

Kwenye ndege, pasi hiyo inaitwa programu iliyoshikwa na kichaa. Imeingia kwenye mzunguko usioisha, inakula muda wote wa prosesa. Au imeandika namba zake kwenye kumbukumbu ya jirani. Zamani ikichanganyikiwa ingeharibu boksi lake peke yake. Sasa wanaishi wote chini ya paa moja. Je, programu ya kuonyesha ramani ikizimia, usukani nao uzimie?

Hapo ndipo kiwango cha ARINC 653 cha miaka ya 1990 kilipoingia, nacho ukikisoma bila woga ni katiba ya nyumba ya kupanga. Kina sheria mbili kubwa. Ya kwanza ni ya chumba: kila programu ina eneo lake la kumbukumbu, na prosesa yenyewe inalinda mlango, ukigusa cha jirani unakamatwa hapo hapo. Ya pili ni ya bomba: kila programu ina zamu yake ya muda, imeandikwa mapema kwenye daftari, na zamu ikiisha unaondolewa bombani hata kama hujamaliza kusuuza. Mzunguko ukikamilika unaanza upya, vilevile, siku zote. Yupo pia mjumbe: sehemu ya mfumo inayoangalia nani amevunja sheria, na kuamua azimwe, aanzishwe upya, au apuuzwe.

Kwa nini ninakazania kuta? Kwa sababu ya fedha, wanangu, na kwa sababu ya roho za watu. Programu za ndege za abiria hupimwa kwa kiwango cha DO-178C, chenye madaraja kuanzia A mpaka E. Daraja A ni ile ambayo ikikosea ndege inaanguka. Kuipima ni kazi ya miaka. Sasa, ukiweka programu ya daraja A na ya daraja D kwenye kompyuta moja bila ukuta wa kuaminika, ile ya D lazima ipimwe kama A. Ni kama kumdai muuza maandazi cheti cha mlinzi wa benki kwa kuwa wanapita mlango mmoja. Ukuta ukiwepo, na ukithibitishwa, kila mmoja anapimwa kwa kiwango chake. Na ukitaka kumbadilisha mpangaji mmoja, hupimi nyumba nzima upya. Faida ya mfumo huu ni hiyo, tena mimi naona ndiyo karibu yote. Waswidi wa Saab walipoichora ndege ya kivita ya Gripen E walilitia hilo mbele: programu za kuiongoza ndege mbali, programu za mapambano mbali, ili hizi za pili ziweze kubadilishwa mara kwa mara bila kuzigusa zile za kwanza.

Lakini nani amewahi kulala kwenye nyumba ya Kiswahili ya zamani? Inua macho usiku. Unaona nini? Ukuta haufiki paa! Chumba ni chako, mlango una kufuli, lakini juu ni wazi. Jirani akikohoa, umekohoa naye. Akigombana na mkewe, unajua nani ana makosa.

Hilo ndilo tatizo la prosesa za leo. Kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya hesabu yenyewe, na viwanda havitengenezi tena prosesa za kiini kimoja zenye nguvu. Vinatengeneza za viini vinne, nane, na kuendelea. Unamweka mpangaji A kwenye kiini cha kwanza, B kwenye cha pili, na kwenye karatasi hawakutani kabisa. Kumbe chini kabisa wanachangia njia moja ya kwenda kwenye kumbukumbu, na mara nyingi kumbukumbu moja ya haraka. B akianza kuvuta data kwa fujo, A anachelewa. Hajaguswa, hajaibiwa, amechelewa tu. Na kama A alikuwa na milisekunde 20 za kusogeza usukani, kuchelewa ni sawa na kukosea. Wakaguzi wa usafiri wa anga walianza kuliandikia mwongozo rasmi jambo hili miaka ya 2010, na mpaka sasa ndilo linalowatoa jasho watu wa fani. Kwa hiyo mtu akikwambia "mfumo wetu una kuta," muulize, zinafika paa?

Niwape kisa cha F-22. Februari 2007, kundi la ndege hizi, wakati huo mpya kabisa, likaondoka Hawaii kwenda kituo cha Kadena, Okinawa, Japani. Katikati ya Pasifiki kuna mstari wa kubadili tarehe: huku Jumamosi, kule Jumapili. Walipouvuka, kompyuta za kuongoza njia zikazima, na sehemu ya mawasiliano nayo. Marubani wakajaribu kuwasha upya, wapi. Hapakuwa na adui wala dhoruba, ni kalenda tu. Wakaokolewa na ndege za mafuta zilizokuwa nazo: wakazifuata kama vifaranga, mpaka Hawaii. Kosa lilikuwa ndani ya programu, na katika siku chache lilirekebishwa.

Mnaona pande zake mbili? Namba moja mbaya iliweza kuipofusha ndege ghali kuliko zote za aina yake. Lakini pia hakuna aliyelala chali na tochi. Dawa ilipakiwa kwenye kompyuta, ndege zikaondoka.

Kisa cha pili si cha ndege, ni cha roketi, lakini kila anayehamisha programu ya zamani kwenda nyumba mpya anapaswa kukijua. Tarehe 4 Juni 1996, Ariane 5 ya Ulaya iliruka mara ya kwanza na ikalipuka kabla dakika moja haijatimia. Programu ya kupima mwendo ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi bila doa. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda pembeni. Namba ikakua mpaka ikashindwa kuenea kwenye nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Kompyuta ikajifunga. Ile ya akiba nayo ilikuwa na programu ileile, kwa hiyo nayo ilijifunga, kwa sababu ileile. Na linaloumiza zaidi: hesabu ile haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini. Mpangaji aliyekwisha kumaliza kazi yake ndiye aliyechoma nyumba.

Kwa hiyo ukiambiwa, "Mzee, programu hii tunaihamisha tu, imefanya kazi miaka ishirini," jibu lako ni nini? Imefanya kazi wapi?

La umri nitalipita haraka, ingawa linakula bajeti kuliko yote. F-22 ilichaguliwa mwaka 1991 na kuingia kazini Desemba 2005. Mwaka 1991 Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni. Kufika 2005, simu ya mkononi ilikuwa mfukoni mwa muuza mchicha. Prosesa za Intel i960 zilizochaguliwa kwa ndege ile zilikuwa zimeshazeeka kabla ndege haijaanza kazi. Ndege inaishi miaka arobaini, prosesa mitano. Ndiyo maana programu lazima isijue sana iko juu ya chuma gani, ili chuma kikifa ihame. Na hata hapo kuhama si kuhamisha godoro. F-35, ndege nyingine ya kivita ya Marekani, ilipopewa kompyuta mpya ya kati kwenye maboresho ya TR-3, programu haikuwa tayari, na Marekani ikakataa kupokea ndege mpya kuanzia Julai 2023 hadi Julai 2024. Mwaka mzima, ndege zimepaki. Nao ndio waliobuni mchezo.

Sasa nafika pale nilipopakusudia tangu nilipopanda bajaji.

Sisi hatujengi nyumba hizi. Tunanunua, au tunanunua kuukuu na kulipa mtu azifanye za kisasa. Niliwahi kuketi kwenye kikao cha ununuzi, sisemi cha nani wala cha lini. Muuzaji, kijana nadhifu, alitamka maneno "mfumo wazi", yaani mfumo ambao hata mtu mwingine anaweza kuuongezea kitu, mara kumi na moja. Nilihesabu, kwa sababu chai ilikuwa haijaja. Mwisho nikamuuliza swali moja: "Mwanangu, nikitaka kumwongeza mpangaji wa saba, redio mpya tuseme, nampigia nani?" Akanyamaza. Akanywa maji. Akasema, "Utatupigia sisi, mzee."

Basi nyumba hiyo si yangu! Nimepanga.

Mnakumbuka lile daftari la zamu, linalosema nani ana kumbukumbu kiasi gani na muda kiasi gani? Ndani ya kompyuta ni faili, jedwali tu. Anayelishika hilo, pamoja na maandishi ya namna mpangaji anavyozungumza na mwenzake, na zana za kulibadilisha, huyo ndiye mwenye nyumba. Mwenye hati ya ndege anaweza kuwa mpangaji kwenye ndege yake mwenyewe. Msidhani huu ni unyonge wa maskini peke yao. Jeshi la Marekani na viwanda vyake walianzisha umoja wa FACE mwaka 2010 ili programu ya kampuni moja iweze kuhamia kwenye kompyuta ya kampuni nyingine. Haikutosha. Bunge lao likaandika sheria kwamba miradi mikubwa ya silaha inayoanza baada ya tarehe 1 Januari 2019 ijengwe kwa moduli na kwa mfumo wazi. Taifa lenye fedha zile limelazimika kutunga sheria ili lisiwe mpangaji. Sisi tunasaini kwa kuangalia rangi za skrini?

Baada ya kikao kile niliomba mambo matatu yaingie kwenye mkataba: jedwali, maandishi ya maungano, na nafasi za mafundi wetu wawili kukaa na waandishi wa programu, si wiki mbili za picha na vyeti, bali mpaka wabadilishe zamu moja kwa mikono yao. Nilipata moja na nusu. Nusu iliyopungua ni yule fundi wa pili aliyenyimwa viza.

Dada yule wa mstari wa tatu ameinua mkono muda mrefu. Sema, mwanangu.

(Aliuliza: "Mzee, sisi chuoni hatuna kabati la moduli hata moja. Tuanzie wapi?")

Swali zuri. Kompyuta ndogo za kujifunzia mnazo, zile za ukubwa wa kiganja, zina viini vinne. Weka programu mbili kwenye viini viwili. Ya kwanza iwashe taa kila milisekunde 20, na upime. Ya pili ivuruge kumbukumbu kwa nguvu zake zote. Kisha tazama ile taa inavyoanza kuchelewa. Mkishaona, mtakuwa mmeiona nafasi iliyo wazi juu ya ukuta kwa macho yenu.

Na boksi hili nitaliacha hapa mezani. Bisibisi ipo kwa mwenyekiti. Lifungueni, mhesabu ni sehemu gani ya uzito wake ni kompyuta na ni sehemu gani ni nyumba ya kuifunika. Ila skrubu ni kumi na mbili, nimezihesabu kabla sijatoka Tabata.